Karatasi ya Fischer kwa siku tatu, na ubao unaofifia

"Nimehudhuria mashindano ya ubingwa wa taifa ya sataranji kwa miaka sita mfululizo. Kila mwaka nanunua kijitabu cha mashindano na kuwaomba wachezaji wakitie saini. Nina pia ubao wa plastiki unaokunjika ambao wachezaji zaidi ya thelathini wameusaini kwa maka. Mwezi uliopita muuzaji wa mtandaoni aliniletea ofa: karatasi ya hatua ya mchezo wa Robert Byrne dhidi ya Bobby Fischer, ubingwa wa Marekani wa 1963/64, yenye saini ya Fischer kwa maka nyeusi na cheti cha uhalisi. Hatua zimeandikwa d4, Nf6, c4, g6 na kuendelea. Bei yake ni karibu akiba yangu yote ya mwaka, na amenipa siku tatu niamue. Wakati huohuo saini za ubao wangu zimeanza kufifia, na rafiki yangu ananishauri nivilaminishe vijitabu kabla navyo havijaharibika. Nifanye nini?"

Usilipe ndani ya siku hizo tatu. Nalisema hilo kwanza kwa kuwa ndilo lenye haraka. Mengine tutayazungumza polepole. Karatasi iliyokwishaishi miaka zaidi ya sitini haina sababu ya kukukimbiza, na anayeuza kitu halisi cha thamani hiyo kwa kawaida hufurahi kupata mnunuzi anayeuliza maswali. Haraka hiyo ni ya muuzaji.

Naona una hofu mbili: kupitwa na bahati isiyorudi, na kupoteza ulichokusanya kwa jasho lako mwenyewe. Hofu ya pili ina msingi zaidi kuliko ya kwanza. Nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka za karatasi kwa miaka mingi na ninakusanya kumbukumbu za sataranji, na vijitabu vyako sita naviona vina uhakika ambao karatasi unayouziwa haina hata chembe: uliwaona kwa macho yako watu wakivitia saini.

Tuanze na karatasi ya hatua yenyewe, maana ni kitu tofauti kabisa na picha au kitabu kilichosainiwa. Kila mchezaji huandika hatua zote za mchezo, zake na za mpinzani, kwenye karatasi yake mwenyewe. Kwa kanuni za sasa za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, mchezo ukiisha wachezaji wote wawili hutia saini karatasi zote mbili na kuonyesha matokeo. Kwa hiyo karatasi moja hubeba mwandiko wa mtu mmoja na saini za watu wawili. Hapa ndipo watu wengi hupotea: wanaangalia saini tu, wanauacha mwandiko. Saini ni neno moja au mawili, na mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuifanyia mazoezi wiki nzima. Hatua arobaini zilizoandikwa safu mbili, zenye tarakimu, herufi, makosa yaliyokatwa na kurekebishwa, ni ushahidi mzito zaidi. Tarakimu 4 na 7 za mtu hazibadiliki kirahisi. Namna anavyokata hatua aliyoikosea ni yake peke yake.

Swali la kwanza kwa muuzaji wako basi ni hili: karatasi hii iliandikwa na nani? Ni ya Byrne, aliyecheza na nyeupe, au ya Fischer, aliyecheza na nyeusi? Asipojua, hajui anachouza.

Swali la pili limo tayari ndani ya maelezo yako. Umesema hatua zimeandikwa d4, Nf6, c4, g6. Huo ni mtindo wa herufi na namba, unaotaja kila mraba kwa jina lake moja, na leo ndio unaotumika duniani kote. Marekani ya 1963 haikuandika hivyo. Wachezaji wa huko walitumia mtindo wa maelezo, ambao unahesabu miraba kuanzia upande wa mchezaji na kuitaja kwa kete iliyoanzia kwenye safu hiyo. Hatua ya kwanza ya mchezo huu ingeandikwa P-Q4, na jibu lake N-KB3. FIDE iliacha kuutambua mtindo wa maelezo mwaka 1981, na nchi zinazozungumza Kiingereza ziliung'ang'ania karibu mpaka wakati huo. Karatasi ya Byrne au ya Fischer ya Desemba 1963 iliyoandikwa d4 na Nf6 kwangu ni sawa na barua ya babu iliyoandikwa kwa lugha ambayo babu hakuizungumza.

Kigezo hicho kitakufaa popote. Mrusi huandika herufi za Kirusi: farasi ni К, malkia ni Ф, ngome ni Л. Mjerumani humwita farasi S na ngome T. Mhispania huandika C kwa farasi na D kwa malkia. Ukiletewa karatasi ya ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti ambayo farasi wake ni N, herufi ya Kiingereza, iweke mezani ukaulize upya. Na ikiwa imeandikwa kuwa ni ya 1993, usiulize chochote, kwani ubingwa huo ulichezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1991.

La tatu ni kalamu. Anayeandika hatua kwa saa kadhaa hutumia penseli, kalamu ya wino au bolpeni, na matokeo yakipatikana huandika kwa kalamu hiyohiyo iliyo mkononi. Maka nyeusi kwenye karatasi ya hatua ina maana kwamba saini iliwekwa wakati mwingine. Hilo peke yake si dhambi. Mtu anaweza kuwa aliitunza karatasi, akakutana na Fischer baadaye, akamwomba asaini. Lakini basi hadithi imebadilika, na sasa tunataka kujua ilikuwa lini na wapi. Baada ya kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972 Fischer hakucheza mechi ya hadhara kwa miaka 20, na aliishi akijificha mbali na watu. Saini ya miaka hiyo inahitaji shahidi, barua, picha, au angalau jina la mtu aliyeipata.

Kuna jambo la nne ambalo lazima nilisema kwa haki, maana sipendi kumwita mtu mwizi kwa kusikia tu. Mchezo wa Byrne na Fischer ni maarufu sana. Fischer alishinda mashindano yale kwa pointi 11 katika michezo 11, na katika mchezo huu Byrne alisalimu amri baada ya hatua ya 21 wakati wachambuzi waliokuwa wakieleza mchezo kwa watazamaji walidhani yeye ndiye anayeshinda. Shabiki mwenye nia njema anaweza kuwa alizinakili hatua zake kwenye karatasi tupu miaka mingi baadaye, kwa mtindo wa kisasa, akaihifadhi kama ukumbusho. Nakala kama hiyo ingeweza hata kuwa na saini ya kweli. Ila isingekuwa karatasi iliyokuwa mezani New York, na bei yake isingefanana hata kidogo na bei ya karatasi ile. Kwa hiyo hata tukimpa muuzaji heshima yote tunayoweza kumpa, bado anakuuzia kitu kimoja kwa jina la kingine.

Cheti sasa. Wengi wanadhani cheti cha uhalisi ni kama hati ya serikali, kwamba kikishakuwepo mjadala umefungwa. Cheti ni maoni ya mtu yaliyoandikwa kwenye karatasi nzuri. Uzito wake ni uzito wa aliyekitoa: ana jina linalojulikana kwa kazi hiyo, anapatikana, anaeleza alilinganisha saini hii na zipi, atarudisha fedha ikithibitika amekosea? Ikiwa cheti kimetolewa na muuzaji mwenyewe, basi umeambiwa mara mbili na mtu yuleyule. Stika inayong'aa yenye namba haibadilishi lolote mpaka wewe mwenyewe umtafute aliyeitoa, kwa anwani uliyoipata kwingine, si ile iliyochapwa kwenye cheti.

Kinachozidi cheti ni historia ya umiliki: nani alikuwa nacho kabla ya huyu, na kabla ya huyo, mpaka turudi kwenye ukumbi wa mashindano. Katika karatasi za hatua historia hii ina uzito wa pekee, kwa sababu kanuni za FIDE zinasema karatasi za hatua ni mali ya mwandaaji wa mashindano. Mchezaji mara nyingi hubaki na nakala ya chini, ile iliyopita kwenye kaboni, na ya juu hukabidhiwa waamuzi. Swali la "imetokaje kwa mwandaaji?" ni halali kabisa. Wakati mwingine jibu ni safi: mwandaaji aligawa, au klabu ilifungwa ikauza makabati yake. Wakati mwingine mtu alizikusanya mezani ukumbi ulipobaki mtupu. Ukinunua za namna hiyo, umenunua saini ya kweli ambayo huna haki nayo.

Nakala ya kaboni nayo ina jambo lake, na naomba unisikilize hapa kwa makini kwa kuwa hili linawaponza hata wazoefu. Ukiitazama kwa lenzi, mistari yake ina kingo zinazovuja kama vumbi, rangi imekaa juu ya nyuzi za karatasi, haikuzama. Saini iliyopita kwenye kaboni ilitokana kweli na mkono wa mchezaji, dakika ileile, kwenye meza ileile. Naipenda, na ninazo. Lakini ni kivuli cha saini, na haifai kuuzwa kwa bei ya wino. Kinyume chake, nimewahi kuona nakala ya kaboni halali ambayo mtu "aliiboresha" kwa kupitisha bolpeni juu ya saini ili ionekane ya wino. Aliharibu kitu cha kweli akitafuta kukifanya cha kweli zaidi.

Utaijuaje saini iliyochorwa? Mtu anayetia saini yake hafikirii. Mkono unakwenda kasi, kalamu inagusa karatasi ikiwa tayari inatembea na inaondoka ikiwa bado inatembea, ndiyo maana mwanzo na mwisho wa mstari huwa mwembamba, umechongoka. Anayeghushi anachora. Anatazama mfano, anasogeza kalamu, anasimama kuhakikisha, anaendelea. Mstari wake una unene uleule toka mwanzo hadi mwisho, unatetemeka kwenye mikunjo, una vidoa vya wino pale aliposita, na ncha zake ni butu. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha kukuonyesha haya. Linganisha daima na saini za kipindi kilekile, kwa kuwa mkono wa Fischer aliyetwaa ubingwa wa Marekani akiwa na miaka 14, katika mashindano ya 1957/58, si mkono wa mtu mzima wa 1972. Na ukikuta saini mbili zinalaliana sawasawa bila tofauti hata ya unywele, usifurahi. Hakuna mtu anayesaini mara mbili kwa namna moja. Moja kati yake imenakiliwa, au zote mbili zimetokana na muhuri.

Vijitabu vya mashindano vina mtego wake: saini iliyochapwa. Waandaaji hupenda kuweka chini ya picha ya bingwa saini yake iliyopigwa chapa pamoja na maandishi mengine. Miaka ya mwanzo ya kukusanya nilinunua kijitabu cha namna hiyo, na nilikifurahia majuma mawili kabla sijakiweka chini ya lenzi na kukuta mistari ya saini imetengenezwa kwa vinukta vidogo vilivyopangwa kama vya picha ya gazeti. Tangu siku hiyo silipi kabla sijaona picha ya karibu iliyopigwa kwa mwanga wa kutoka ubavuni. Mwanga huo huonyesha kama kalamu iliacha mfereji kwenye karatasi.

Vitu vya zamani zaidi vina saa yao ndani. Bolpeni zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwishoni mwa 1945. Frank Marshall, aliyeshika ubingwa wa Marekani tangu 1909 hadi 1936, alifariki Novemba 1944. Saini yake kwa bolpeni kwenye kijitabu cha 1936 inajikataa yenyewe. Karatasi nayo husema: tangu katikati ya karne ya 20 viwanda vimekuwa vikitia kemikali za kung'arisha ambazo chini ya taa ya urujuanimno hutoa mwanga wa samawati. Karatasi inayodaiwa kuwa ya 1920 ikiwaka hivyo, imeshindwa. Isipowaka haijafaulu bado, kwa kuwa ipo karatasi ya leo isiyo na kemikali hizo, na waghushi hutafuta karatasi tupu za zamani, mara nyingi kurasa za mwisho za vitabu. Kwa karatasi yako ya 1963 taa hiyo haitakusaidia sana.

Ukiniuliza ningefanya nini mahali pako: ningemwandikia muuzaji kwa upole, nimwombe picha kubwa za pande zote mbili, picha ya saini kwa mwanga wa ubavuni, jina la aliyekuwa nayo kabla yake, na ahadi ya maandishi ya kurudisha fedha ikiwa mtaalamu huru ataikataa. Na ningemuuliza waziwazi kwa nini hatua zimeandikwa kwa mtindo ule. Akijibu kwa utulivu, mazungumzo yaendelee, ingawa mimi kwa mtindo huo wa uandishi pekee ningekuwa nimeshaamua. Akikasirika au akapunguza bei ghafla, umejibiwa. Na usinunue kwa matumaini kwamba bei itapanda. Soko la saini za sataranji ni dogo, wanunuzi ni wachache, na akiba ya mwaka mzima ni kitu kikubwa mno kukiegemeza kwenye karatasi moja.

Sasa turudi kwenye ulichonacho, ambacho nakithamini kuliko unavyodhani. Ubingwa wa taifa una sifa ambayo mashindano ya mabingwa wa dunia hayana: unawaweka chumba kimoja watu ambao hakuna anayejua bado watakuwa nani. Waliokuwa kwenye ubingwa wa Hungaria wa 1991 walimwona msichana wa miaka 15, Judit Polgár, akiushinda na kuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, mdogo kuliko wote mpaka wakati huo. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Fischer. Kijitabu chenye saini za washiriki wote wa mwaka ule, kuanzia bingwa hadi aliyeshika mkia, kingekuwa na thamani ya historia ambayo saini moja ya bingwa kwenye picha haiwezi kuwa nayo. Wewe tayari unakusanya hivyo.

Kinachokosekana, nadhani, ni maandishi. Je, unaweza kusema leo kila saini ni ya nani? Wakusanyaji wengi hawawezi, na baada ya miaka kumi hakuna anayeweza. Kaa chini wiki hii. Kwa kila kijitabu tengeneza karatasi ya pembeni, uchore ramani ya ukurasa, na kila saini uipe namba, jina, tarehe, raundi na mahali ulipoipata. Tumia penseli laini. Usiandike kwenye kijitabu chenyewe, wala nyuma ya ukurasa wenye saini, maana mgandamizo hupenya. Zile ulizozisahau, chukua orodha ya washiriki wa mwaka huo uondoe majina uliyokwisha kuyatambua. Zitabaki chache, na mchezaji yeyote mzoefu atakutambulia saini ya mwenzake kwa kuitupia jicho, kwani wamesainiana karatasi za hatua mara nyingi. Kuanzia mwaka ujao piga picha moja ya mchezaji akiwa anatia saini, mwombe ruhusa kwanza. Picha hiyo ndiyo historia ya umiliki inayoanzia mwanzo kabisa.

Kuhusu kuomba saini, unajua mwenyewe kwamba wakati wa mchezo hairuhusiwi kumsumbua mchezaji kwa namna yoyote. Mimi huongeza masharti mawili yangu. Simwombi mtu kabla ya raundi, kwa kuwa akili yake iko kwenye ufunguzi. Simwombi aliyeshindwa mpaka amekula au amelala. Ukitaka karatasi ya hatua au kibao cha jina cha mezani, muulize mwandaaji raundi ya mwisho ikiisha, na ukipewa omba mstari mmoja wa maandishi kwamba umepewa.

Kulaminisha: tafadhali usifanye. Naelewa rafiki yako anakutakia mema, na kwa macho karatasi iliyolaminishwa huonekana salama. Kinachotokea ndani ni kwamba gundi huyeyushwa kwa joto na kushika kila uzi wa karatasi na kila tone la wino. Joto lenyewe huweza kufifisha wino, na baadhi ya vitu vilivyochapwa huharibika papo hapo. Tiketi zilizochapwa kwa mashine ya risiti hugeuka nyeusi zote, kwa sababu karatasi yake huandika kwa joto. Baya zaidi, hakuna kurudi nyuma. Mhifadhi anaweza kuondoa kutu ya pini, anaweza kushughulikia selotepu iliyozeeka, lakini plastiki iliyoyeyukia kwenye karatasi mara nyingi haiondoki bila kuondoka na kitu kingine.

Weka vijitabu kwenye mifuko ya poliesta au polipropilini, kila kimoja peke yake, vilale bapa ndani ya boksi lisilo na asidi. Epuka mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu ya plastiki mpya. Harufu hiyo ni kemikali inayotoka, na kwa miaka itaunata wino na kuuhamisha. Toa pini na klipu za chuma zilizoongezwa baadaye, ila pini za kijitabu chenyewe ziache. Mahali pawe na giza, pasipo joto, unyevu usizidi asilimia 50 hivi, mbali na sakafu na ukuta unaopata mvua. Tiketi za karatasi ya joto zipige nakala leo, kwa sababu zitafifia hata ukizitunza vipi.

Ubao ndio mgonjwa kweli. Wino wa maka nyingi unatokana na rangi iliyoyeyuka, si chembe ngumu za rangi. Mwanga hukata molekuli za rangi hiyo moja moja, na kazi hiyo hujumlishwa: saa moja ya leo inaongezwa kwenye saa zote zilizopita, na giza husimamisha tu, halirudishi. Kioo cha kuchuja urujuanimno hupunguza kasi lakini mwanga wa kawaida nao hula. Halafu kuna plastiki yenyewe. Ubao unaokunjika umetiwa mafuta ya kuulainisha, na mafuta hayo husafiri kuelekea juu, hubeba wino pamoja nayo. Ndiyo maana saini kwenye ubao kama huo huanza kutanuka na kuwa na ukungu pembezoni hata pale ambapo mwanga haujafika. Tazama zako: zilizofifia zikiwa bado na kingo kali zimeliwa na mwanga, zilizotanuka zimeliwa na plastiki.

Usipitishe kalamu juu ya saini iliyofifia, hata ukimpata mchezaji mwenyewe akubali. Mwombe asaini upya mahali pengine. Usipulizie vanishi, kwani kiyeyushi chake ndicho kilekile kinachoyeyusha wino wa maka, na nimeona saini zikitiririka mbele ya macho ya mwenye nazo. Usiukunje tena wala usiuviringishe saini zikiwa ndani zikigusana. Piga picha kila mraba kwa mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, ukiwa na rula pembeni. Kisha ulaze bapa gizani, juu yake karatasi ya poliesta isiyogusa kwa uzito. Kama ulikuwa ukutani, tundika picha yake badala yake. Ukianza ubao mpya, chagua wa mbao isiyong'arishwa sana au, vizuri zaidi, kadi nene isiyo na asidi iliyochapwa miraba, na uwape wachezaji kalamu ya wino wa chembe, ule unaoandikwa kwenye kifuniko kwamba haufifii na hauyeyuki kwa maji. Ijaribu kwanza pembeni, usubiri siku nzima.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Ikiwa bado utavutwa na karatasi ya Fischer baada ya majibu ya muuzaji, hiyo ni kazi ya mchunguzi wa maandishi atakayeishika mkononi na kuiweka chini ya hadubini. Picha ya simu haimtoshi naye, na atakayekuthibitishia saini kwa picha moja ndani ya dakika tano usimlipe. Ikiwa umeshatuma fedha kabla ya kusoma hapa, piga simu kwa benki au kampuni iliyopitisha malipo leo, kisha polisi, na usifute ujumbe wowote mliobadilishana na muuzaji. Ukiona madoa ya kijani au meusi yenye manyoya kwenye kijitabu chochote, hiyo ni kuvu: kitenganishe na vingine ndani ya mfuko wake, usikipanguse kwa mkono, ukipeleke kwa mhifadhi wa karatasi. Maktaba kubwa na nyumba za kumbukumbu huwa na mtu wa kazi hiyo au hujua alipo. Yeye pia ndiye wa kuuona ubao wako. Mpelekee ukiwa bapa kati ya mbao mbili, jinsi ulivyo, bila kuufuta vumbi.